Upande wa Kushoto

Walianza kusema nina maringo.
Salamu zikinijia kutoka kushoto
zilianguka njiani, na mimi huyo, nikapita
na ndoo yangu ya maji ya kununua.
"Tangu mwanawe apate kazi Mtwara mjini," walisema,
"Bi Somoe hatuoni."

Hawakukosea neno.

Kisha ghalani. Mnada wa pili wa msimu,
sampuli ya korosho mezani, kisu mkononi,
napasua, natenga: nyeupe huku, zenye madoa kule.
Miaka kumi na tisa kazi yangu ni hiyo.
Safari hii zilizooza zikapita,
tena zote za upande mmoja wa sinia.
Karani Likonde akafunga daftari polepole:
"Umepewa shilingi ngapi, mama?"

Nikaapa.
Nani ataamini kiapo cha mwenye macho mawili mazima?

Maana si giza. Watu hudhani ni giza.
Presha ya macho haizimi taa.
Inakata kitambaa pembeni, inatia kiraka
cha kitambaa kilekile, mshono huuoni.
Ukuta unaendelea kuwa ukuta, njia ni njia.
Asiyekuwepo ni mtu aliyesimama pale.

Kipimo cha kitufe nilishakidanganya mwaka juzi:
nilibonyeza kila nilipohisi wakati umefika,
kama anayeitikia amina kwa dua asiyoisikia.
Mashine hii mpya haikuwa na kitufe.
"Usifanye chochote, bibi," alisema Ausi,
kijana wa Kitangari, koti jeupe limemzidi mabega.
"Nukta ikitokea, macho yenyewe yataikimbilia."

Kidevu juu ya plastiki baridi.
Nukta kulia, macho yakaruka.
Juu, yakaruka. Chini kulia, yakaruka
kama kuku waliomwagiwa pumba.
Halafu kimya.
Nikangoja. Nikadhani umeme umekatika.
"Mbona umesimamisha?"

Hakusimamisha.
Kwenye kioo chake nukta zilikuwa zinawaka,
moja, nyingine, nyingine tena,
na macho yangu yametulia katikati
kama mgeni asiyejua kwamba anaitwa.

Akanionyesha ramani yake, doa la kijivu kushoto.
Mimi mzaliwa wa Newala; najua kusimama
ukingoni mwa Shimo la Mungu, upepo ukinivuta kanga,
Ruvuma kule mbali kama uzi uliodondoka.
Sikujua nimebeba ukingo mwingine kichwani,
wala upepo wa kunionya hauna.

"Kitarudi kilichokwenda?"
"Hakirudi. Kilichobaki tutakilinda."
Nilimpenda kwa kutopamba.

Sasa kila usiku tone moja, jicho hili, jicho hili.
Chupa naiweka kwenye kibuyu cha maji, ipoe,
na mjukuu amekatazwa hata kuisogelea.

Karatasi ya hospitali nilimpelekea Likonde.
Aliisoma mara mbili, akakohoa.
Radhi hakuomba.
Ila kesho yake nilikuta sinia
limesogezwa kuliani kwangu,
na hakuna aliyesema nani kalisogeza.

Njiani siku hizi nageuza shingo yote, kama bundi.
Natangulia kusalimu upande nisiouona,
awepo mtu, asiwepo.
Jana niliamkia nguzo ya umeme, kwa adabu zote,
nikaiuliza na habari za nyumbani.
Haikuitika.
Labda ina maringo.