Liko

Mwanakombo ameandika toka Hythe,
mji anakowaogesha vikongwe wa watu.
Litamke haidhi, shangazi. Nikacheka peke yangu:
sikio langu la Mtongwe lilisikia hedhi.

Kikongwe mmoja, mwalimu zamani,
amemfunulia: ni Kiingereza cha kale,
cha kabla ya wao kuijua chai,
maana yake pahala mashua hufikia.
Liko. Liko tu, kama letu.

Ila lao limekauka. Mchanga ulijaa bandarini,
bahari ikarudi nyuma, hatua kwa hatua,
jina likabaki likining'inia
kama kanzu ya marehemu msumarini.

Nimeyasoma haya kwenye foleni ya Likoni,
furushi la sare za shule kichwani,
king'ora kinalia, askari anatufokea tusogee.
Nikamjibu kwa kidole gumba: kumbe umevuka tu.

Kisha feri ikashusha ulimi wake wa chuma
na mtoto nyuma yangu akamuuliza mamake,
daraja likijengwa, hapa pataitwaje?

Mamake alikuwa anahesabu chenji.