Deni la Pasua

Timu haikununuliwa. Mkiandika, andikeni hivyo.
Timu ilikuja kama deni.

Mwaka ule Anandumi Eliufoo alifungua robota Kiboriloni,
njumu, jozi tisini kwa mdomo wa muuzaji,
akakuta miguu ya kushoto imezidi ya kulia kwa kumi na tisa.
Hakulia. Alikaa juu ya gunia, akapiga hesabu,
akawaita vijana wa Nyuki, timu ya Pasua,
waliokuwa wakicheza peku kwenye vumbi la kando ya reli:
"Chukueni zenye wenzake. Mtanilipa mkishinda."

Hawakushinda.
Mimi nilikuwa mshika kibendera, najua.
Siku ya kudaiwa, mwenyekiti alimpelekea mhuri,
mipira miwili, mmoja una pumu,
na cheti cha usajili kilicholiwa pembe na mende.
"Mama, hatuna kingine. Chukua timu."
Akaichukua kama mtu achukuavyo mbuzi mgonjwa,
maana mbuzi mgonjwa naye ni mbuzi.

Kaunta buku lake lilikuwa na kalamu mbili.
Ya bluu: mabati, misumari, saruji,
duka la Mbuyuni lililoota ghorofa.
Nyekundu: sisi.
Posho ya waamuzi. Nauli ya Singida, kwenda tu;
kurudi tulirudi na lori la vitunguu.
Supu. Bandeji. Supu tena.
Goti la Ndetaramo, Mawenzi, siku kumi na moja.
Ada ya mdogo wake golikipa aliiandika "glavu",
ili kijana asione haya akipekua kurasa.

Jumapili alikalia tofali lake pembeni mwa uwanja,
kitenge cha njano, jua la utosi.
Kuotea ni nini, hajui mpaka leo.
Lakini alijua nani hajala.
"Yule namba saba amelalia chai," ananinong'oneza,
na kweli.

Tulipanda daraja mara moja.
Mlima ulikuwa umejifunika, haukutuona.
Mtaa uliimba jina lake hadi Majengo,
na mumewe, Ndekirwa, akiwa kwa kinyozi, povu shavuni,
ndipo aliposikia redioni
kwamba lile shamba la Kahe lilishauzwa.

Msimu uliofuata tukashuka.
Wakaja vijana wa kampuni, suruali zimewabana,
mkataba kurasa arobaini.
Jina wakabadili, njano wakaifuta,
Nyuki wakahamishiwa mzinga wa Dodoma.
Alihesabu fedha mara mbili. Akashika kalamu ya bluu,
akakaa nayo kitambo, akairudisha.
Aliandika kwa nyekundu.

Dukani, nyuma ya makopo ya rangi,
njumu kumi na tisa za kushoto zinaning'inia kwa kamba.
Wateja huuliza, yeye hutaja bei ya misumari.
Juzi akaingia kijana wa Njoro kwa magongo,
mguu mmoja, wa kushoto,
akanyoosha gongo kuelekea ile kamba:
"Mama, kile kimoja, shilingi ngapi?"

Anandumi akaupima mguu kwa macho.
Akavuta droo, akapekua, akapekua.
"Na wenzako," akauliza, "mko wangapi?"