Ndo Ndo Ndo

Walikuja watatu, na futikamba,
wakasema wanatafuta nyumba ya kawaida
hapa Al-Khoudh, yenye ukuta mrefu
na mke na mume wasiogombana kwa sauti.
Hilo la mwisho hawakulisema. Nimelitia mimi.
Suud akawapa siku kumi na moja
kwa riali alizokwisha kuzipangia matairi.

Riwaya yenyewe nilikuwa nayo. Nimeisoma mara mbili,
nikiificha ndani ya pipa la mchele,
si kwa kuwa ina uchafu,
ila katikati mle yumo mwanamke
anayekunja kanzu za mumewe moja moja, akihesabu:
hii aliivaa siku aliyosahau,
hii siku aliyokumbuka, ikawa ndiyo mbaya zaidi.

Wakabadilisha mapazia. Zulia la mama yangu
wakalikunja, ati lina furaha mno.
Mwongozaji, kijana wa Suhar, mpole, akaniuliza,
"Bi Rayya, bwana huwa anakaa wapi?"
Nikamwonyesha kiti, karibu na dirisha,
kimelipa jiko mgongo.
Akakitazama muda mrefu
kama mtu asomaye barua isiyo yake.
"Basi," akasema, "hapo hapo."

Mwigizaji akavaa ndara zangu za plastiki,
akaosha vikombe vilivyo safi
mara kumi na saba.
Kila mara mtu akisema: Kata!
naye huinua uso, hucheka, huomba chai.
Miaka yote hii nimelitaka neno hilo,
mtu asimame pembeni ya meza,
wali unapoa, aseme kata,
pumzikeni, tuanze tena tangu salamu.

Kitabuni, mke anaondoka. Anatembea pekupeku
usiku, lami ingali na moto wa mchana,
anafika barabara kuu, na riwaya inaishia hapo,
gari halijasimama.
Kwenye filamu anarudi. Kasahau funguo.
Mume anamfungulia mlango, kinanda kinalia.
Nikauliza kwa nini. Kijana akaangalia viatu vyake:
wenye pesa wanataka watu watoke ukumbini wameshiba.

Tukaenda kuitazama Mawaleh, Alhamisi,
Suud kanunua bisi za chumvi.
Lilipotokea sinki letu, kubwa kama lori,
na mfereji unadondoka,
ndo, ndo, ndo, wala si chururu,
akanipiga kiwiko: "Mfereji wetu huo!"
Watu wakageuka.
Halafu akanyamaza. Bisi zikamganda mkononi.
Yule mume wa uongo alikuwa kitini mwake,
kalipa jiko mgongo,
na Suud, kwa mara ya kwanza,
aliona kilichokuwa nyuma yake.

Garini hakufungua mdomo hadi mzunguko wa pili.
"Yule bwana," akasema, "mbona hasemi kitu?"
"Hata kitabuni," nikamjibu, "hasemi."

Saa saba usiku nikasikia spana.
Kapiga magoti chini ya sinki, kanzu imelowa,
tochi mdomoni,
anakaza mfereji alioniahidi
tangu Azzan hajaanza skuli, na Azzan sasa ana ndevu.
Akakaza, akakaza. Ukanyamaza.
Akarudi kitandani ananuka kutu,
akalala upesi, kama mtu aliyelipa deni.

Mimi nikabaki macho.
Kumbe miaka yote ile
ndio peke yake uliokuwa ukisema humu ndani.