Mkanda Nyoka

Pijo ya baba ilikuwa na mikanda miwili,
kila mmoja na kazi yake, kila mmoja na ukorofi wake:
mmoja wa feni na pampu ya maji,
mwingine wa alteneta, uliolia asubuhi za Juni
kama mtoto anayenawishwa uso kwa maji ya mfereji.

Mwaka themanini na tatu ukakatika ule wa maji,
Kwasadala, siku ya kipaimara cha kaka yangu.
Baba alifungua boneti, akaguna, akamtazama mama.
Mama hakuuliza. Aligeukia migomba,
akavua soksi zake ndefu za Nairobi,
tukafika kanisani kwa nguvu ya nailoni,
baba akiendesha kama aliyepakia mayai.

Soksi ile sijui ilitupwa wapi.
Hadithi haikutupwa.

Sasa Apolinari amelala katika kihamba chake
na mama anataka kuendesha mwenyewe.
Bega linamkatalia. Usukani ule, anasema,
ni kukamua ng'ombe aliyenuna.
Nikamwambia nitaufungia pampu ya mafuta;
pampu ikataka mkanda, na nafasi ya mkanda wa tatu haipo.
Basi mmoja tu: mrefu, bapa,
mifereji sita tumboni, mgongo laini,
upite kote, uzungushe vyote.

Puli nilichongesha Unga Limited
kwa fundi anayepima kwa ukucha kabla ya kaliper.
Kikaza nilikitoa kwenye Toyota iliyofia Boma Ng'ombe,
springi yake bado ina hasira.
Siku tatu gerejini Pasua, mimi na Mbwambo,
tukivuta uzi wa cherehani puli hadi puli,
maana milimita mbili zikipinda
mkanda hujitafuna, ukatema unga mweusi.

Mama akaja na mtori kwenye chupa ya chai.
"Huo unaitwaje?"
Mbwambo, mdomo usio na breki:
"Mkanda nyoka, mama."

Akarudi hatua moja.
Aliumwa akichuma kahawa, mguu wa kulia;
tangu siku ile hata ung'ong'o humshtua.
"Nyoka. Ndani ya gari la marehemu."
Kisha, akifunua chupa:
"Na ukikatika?"

Nikajifanya natafuta spana namba kumi na tatu.
Zamani ukikatika mmoja, mwenzake alibaki na la kusema.
Huu ukikatika, vinalala vyote,
maji, umeme, usukani.
"Na soksi?"
Haitoshi, mama. Hata za parokia nzima.

Jumamosi tukaijaribu kwenye mlima wa Kibosho.
Sindano ya joto ikapanda kutuzidi sisi,
rejeta ikachemka mbele ya duka la mbolea,
watoto wakaja kutazama mvuke.
Nilikaa juu ya jiwe, nikaufuata mkanda kwa kidole,
kona kwa kona, mpaka kwenye pampu ya maji.
Nilikuwa nimeupitisha kwa mgongo.
Pampu ilizunguka kinyume, kilomita sita nzima,
ikiyasukuma maji kurudi yalikotoka.

Siku tatu nilipima unyoofu.
Uelekeo sikuuliza.

Tukahamisha puli ya kupitishia, upana wa viganja viwili.
Tumbo la mkanda likaikamata pampu.

Jumatatu alfajiri Pijo haikulia.
Nilisimama uani na kikombe changu nikisubiri kile kilio,
na mama akanisubiri mimi nifungue geti.
Alizungusha usukani kwa kidole kimoja,
huku, kule, kama anayejaribu pete dukani.
Akatoa mkobani soksi mpya, bado kwenye karatasi,
akazisukumia ndani ya droo ya dashibodi.

"Nimesikia ulichosema," akasema,
kabla sijasema.

Na kwa mguu uleule wa kulia
akakanyaga mafuta.