Sura ya Sitini na Moja

Gdynia, ghala la nne, theluji hadi kizingitini.
Bogumiła anavuta sweta: inanyumbuka, inarudi.
Ya sindano hii, si ya kitanda cha mfumi.
Sura ya sitini na moja.

Matundu tisa kwa sentimita.
Vifungo kushoto juu ya kulia: mwanamume.
Sufu na pamba ziligombana; sufu imeshinda kwa asilimia moja.

Chini kabisa ya katoni, kijisweta
cha mtoto asiyetimiza sentimita themanini na sita.
Mkono mmoja mtu alikosea,
akafumua,
akaanza tena; uzi bado umejikunja, haujasahau.

Kitabu kina namba ya mkono huu.
Ya mkono ulioufuma
anaitafuta mpaka chai inapoa.

"Zbyszko," anaita, "lete nyingine."