Msokoto wa Kushoto

Mlima haujaonekana tangu Jumatatu.
Hapa Kiboriloni masika hayanyeshi, yanakaa,
yanakaa kama mgeni aliyekwisha kuvua viatu,
na kamba za Bi Ndealilia zimelegea kwa uzito:
mashuka ya gesti, soksi za wapagazi,
suruali kumi na nne zinazotakiwa lango la Marangu alfajiri,
zote na ule uvundo wa nguo iliyokauka nusu.

"Inazunguka," ananiambia, "ila moto haina.
Kama mtu anayekuitikia ndiyo, ndiyo,
na akili yake iko kwingine."

Mteja akieleza hivyo
nusu ya kazi imekwisha.

Mashine ni ya kale, ilitoka hospitali ya misheni
siku walipouza vyombo chakavu.
Mlango unashikwa na mpira wa baiskeli.
Maandishi ya kitufe yamefutika,
kimebaki kishimo cha kidole gumba.

Nachomoa waya ukutani kwanza.
Sihitaji kukumbushwa, nina kovu kiganjani.

Nalizungusha pipa kwa mkono, nategesha sikio.
Kwii. Kimya. Kwii.
Hiyo ni roda ya nyuma, imelika upande mmoja;
si ugonjwa, ni uzee, grisi itatosha.
Mkanda umechanika ukingoni, lakini Krismasi utafika.
Nachomoa chujio: blanketi zima la nyuzinyuzi,
jekundu, la kijivu, jekundu tena,
miaka ya soksi za watu waliopanda wakashuka.
Kwenye bomba la hewa naingiza mkono hadi kiwiko
kama anayemzalisha ng'ombe,
natoa kifungo, pini ya nywele,
na senti hamsini, ile ya sungura.

Anaipangusa kwa kanga.
"Hii niliwahi kununulia andazi."
"Lini?"
"Nilipokuwa na meno yote."

Sasa mita.
Koili, nzima. Kidhibiti joto, kizima.
Imebaki fyuzi ya joto, ile ndogo kama haragwe,
ambayo kazi yake ni kufa ili nyumba isife.

Namulika kwa tochi ya simu.
Fyuzi haipo.
Mahali pake pana kipande cha waya, dairekti,
kimesokotwa ncha zote mbili,
kimeungua katikati hata kikakatika.
Miaka yote hiyo imechemka bila breki,
mgongo wake kwenye ukuta wa chumba
wanamolala wajukuu.

Na msokoto umekwenda kushoto.

Moshi hii mafundi wa mkono wa kushoto tulikuwa wawili,
na marehemu Kisaka hakugusa kitu zaidi ya redio.

Nikakumbuka. Miaka ishirini na miwili,
shati jipya, harusi Himo, gari linapiga honi nje.
"Fyuzi naileta Jumatatu, mama."

"Kuna nini humo?" anauliza.
Ulimi umekuwa mzito kama shuka lililolowa.
Ningesema panya. Panya hana wakili.

"Kuna fundi aliacha waya."
"Fundi gani?"
"Mimi."

Anazitazama suruali. Anautazama mlango wa chumba,
anautazama kwa muda mrefu.
Mvua inahesabu mabati.
"Basi umechelewa," anasema. "Chai ya Jumatatu ile ilishapoa."
Hacheki. Hafoki. Anakwenda kubandika maji.

Fyuzi ninayo mfukoni, elfu nne, haitaingia kwenye bili.
Naibana kwa koleo, pini kwa pini,
leo sisokoti kitu.
Nachomeka. Pipa linaguna, linaondoka.
Dakika ya kwanza, hewa baridi.
Ya pili, baridi.
Ya tatu nauona mkono wake umelala juu ya bati
na hauondoki.

"Huo waya nipe," anasema.

Ameuweka kabatini, kwenye kikombe kisicho na mkono,
pamoja na sungura.