Ki ya Masharti

Kipande chake kilifika Jumanne ndani ya formalini,
katika chupa iliyowahi kuwa ya asali.
Huko Ahero hawakuibandua lebo yote:
nyuki alibaki nusu, na bawa moja.
Nikakipa nambari, 1184.
Jina nikaligeuzia ukutani.

Kazi yangu ni kuhesabu.
Nakata nta nyembamba kuliko gamba la kitunguu,
naitandaza juu ya maji vuguvugu,
naiokota kwa kioo, natia rangi, nangoja.
Kiini kilichotulia hubaki buluu.
Kilicho safarini kugawanyika
hugeuka kahawia, chai iliyokolea majani.

Protini tunayoisaka ina jina la maabara za mbali:
Ki, kistari, sitini na saba.
Mimi naisikia kwa sikio la nyumbani,
ki ya kiti, ki ya kisu, ki ya kifua,
ki ya Kisumu hii inayonuka gugumaji na mvua.

Mwendo wa seli nilifunzwa chuoni, nikauelewa Kibuye,
safu ya washonaji, kwa Mama Dorsila Abuya,
aliyenishonea kaptura ya darasa la nne
akaipinda mara mbili chini:
"Utarefuka. Acha akiba."
Mguu wake kwenye kanyagio, hiyo ndiyo saiklini:
ukishuka, sindano inakwenda.
Kiganja chake juu ya gurudumu, hiyo ni p ishirini na saba:
hapo, ngoja, kitambaa kimekunjamana.
Sasa fikiria duka usiku,
kiganja hakipo,
na cherehani inashona,
inashona mikono ya shati lisilo na mwili,
mikono juu ya mikono.

Seli mia tano. Za kahawia, tisini na nne.
Nikaandika kumi na tisa kwa mia.
Nafuna akaketi penye hadubini, kioo kilekile,
akapata ishirini na tatu.

Katikati yetu, ishirini: mpaka anaoutumia daktari wetu.
Upande huu, vidonge na kurudi nyumbani.
Upande ule, dripu,
na nywele asubuhi juu ya mto.

"Hii umeiita buluu?"
"Ni buluu."
"Ni kahawia iliyochoka, Odera. Tazama tena."

Stima ikapotea.
Gizani, kabla jenereta haijakohoa,
nilisikia friji ikinyamaza na Nafuna akipumua,
nikajua ninalopaswa kusema.
Nilisema jina niligeuzia ukutani.
Nililigeuza baada ya kulisoma.

Hakunikaripia. Taa ziliporudi
alivuta kiti cha pili.
Tukahesabu upya, kwa sauti, seli elfu moja,
yeye akionyesha, mimi nikitaja,
buluu, buluu, kahawia, buluu,
kama watoto wanaopokezana kokoto,
na kila nilipositasita alingoja
wala hakunisaidia.

Mia mbili na kumi na nne.

Nikaandika ishirini na moja kwa mia.
Mkono haukutetemeka; hilo ndilo lililoniudhi.

Darasa la nne, ndani ya kaptura ile yenye akiba,
tulifundishwa pia ki nyingine,
ndogo, inayojibana katikati ya kitenzi:
akija, mvua ikinyesha, ukipenda.
Ki ya masharti, mwalimu alisema.
Haiahidi. Haikatai.
Inashika mlango tu, na mguu mmoja nje.

Akitibiwa.
Dawa ikifika Ahero kwa wakati.
Nauli ikipatikana, mwanawe akikubali kufunga duka Alhamisi.
Kiganja kikirudi juu ya gurudumu.

Ripoti iliondoka Ijumaa na dereva wa hospitali.
Sehemu ya maoni ina upana wa kidole;
niliiacha wazi.
Chupa niliiosha mara tatu.
Iko dirishani, bawa limeelekea nje,
na bado, ukiifungua,
inanuka asali kidogo.